Mkaguzi na Mkaidi: shajara ya mradi, Kirumba, Mwanza

Wiki ya 1, Jumapili

Nimefika darasani asubuhi nikakuta feni ya kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga. Kijana mmoja wa darasa la jioni aliiwasha kazi yake jana saa moja usiku, akaiacha inaendelea, akaenda zake. Kwenye skrini namba zinapita tu.

Kazi niliitoa mwenyewe: chukua kila namba shufwa kuanzia 4, angalia kama ni jumla ya namba tasa mbili, koma ukiipata isiyo hivyo. Nilitaka wajifunze kuandika mzunguko, yaani maagizo yanayojirudia. Sikufikiria kuna atakayekaa kuusubiri uishe. Swali lenyewe, kama kila namba shufwa ya namna hiyo ni jumla ya tasa mbili, Christian Goldbach alimwandikia mwanahisabati mwenzake Leonhard Euler mwaka 1742, na mpaka leo hakuna aliyelithibitisha wala kulivunja. Watu wameshalipima kwa kompyuta hadi 4 yenye sifuri 18 nyuma yake, hakuna namba hata moja iliyokataa. Maana yake nikimwambia kijana "programu yako haikomi" na nikawa na hakika, nimemaliza swali la zaidi ya miaka 280. Nikimwambia "inakoma", vilevile.

Ndipo likanijia wazo la Mkaguzi: programu unayoilisha programu nyingine, ikuambie kabla hujaiwasha kama itafika mwisho au itazunguka milele. Tuna kompyuta tatu na wanafunzi kumi na wawili. Mashine ikishikwa usiku kucha na mzunguko wa bure, kesho yake wanne wanakaa bila kazi.

Najua kuna uthibitisho wa mwanahisabati Mwingereza Alan Turing wa mwaka 1936 unaosema mkaguzi kamili hawezekani. Niliusoma chuoni, nikaujibu kwenye mtihani, nikausahau. Nilihesabu kuwa ni habari za ubaoni.

Jambo dogo la lugha: mwanzo niliandika majibu yawe "inasimama" na "haisimami". Binti mmoja akauliza, inasimama kama daladala kituoni, au inasimama ndiyo imefika? Ana haki. Nimebadilisha kuwa "inakoma" na "haikomi". Sasa kila programu ikigoma kuisha wananiambia itanikomesha.

Wiki ya 1, Alhamisi

Kijiwe cha kahawa, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Mwalimu yupo kama kawaida. Amefundisha hisabati sekondari mpaka kustaafu, na nikikwama huwa nampelekea. Shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri, kashaanza: "Huo uthibitisho ni kiini macho, kijana wangu."

Nikamwandikia nyuma ya risiti programu ninayoiita Mkaidi:

mkaidi:
    jibu = kagua(mkaidi)
    kama jibu ni "inakoma": zunguka milele
    kama jibu ni "haikomi": koma

Tuseme kagua, yaani Mkaguzi, yupo na hakosei kamwe. Akisema Mkaidi anakoma, Mkaidi anazunguka. Akisema hakomi, Mkaidi anakoma palepale. Kwa vyovyote amekosea, na tulisema hakosei. Basi hayupo.

Mwalimu akaisoma risiti mara mbili, akairudisha kwa ncha ya kidole. "Huyu Mkaidi umemzaa kwa kagua, halafu mwishoni unasema kagua hayupo. Mtoto wa mama ambaye hajazaliwa! Na mtoto huyohuyo ndiye unamleta kuwa shahidi kortini."

Nikasema ndivyo ulivyo uthibitisho kwa ukinzani, na yeye ndiye aliyetufundisha kwa njia hiyo kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuwa sehemu. Akasema pale hakuna kitu kinachojiuliza habari zake chenyewe. Kisha akanipa mfano wake, na ndio ulioninyima usingizi.

"Hapa Mwaloni yupo mtabiri anayejua kila mtumbwi, utarudi kabla ya jua kuchomoza au hautarudi. Anakuja mvuvi mbishi, anamuuliza, kisha anafanya kinyume. Utasema utabiri hauwezekani? Mtabiri aliandike jibu, aikunje karatasi, aifungue mvuvi akisharudi. Kwisha. Tatizo lako si utabiri, ni umbea."

Kijiwe kizima kikacheka. Hata muuza kahawa, ambaye sidhani kama alikuwa anafuatilia.

Wiki ya 2, Jumatatu

Jibu nimelipata nikiwa napanda ngazi za mawe kwenda nyumbani. Nyumba zetu za mlimani zina faida hiyo, huwezi kutembea haraka ukaacha kufikiri.

Mtabiri ana kichwa, na mvuvi hawezi kukipasua aone kilichomo. Mkaguzi hana kichwa. Mkaguzi ni faili, na faili inanakiliwa. Mkaidi haendi kumuuliza mtu. Anaondoka na nakala ya Mkaguzi ndani ya mtumbwi wake. Chochote kitakachoandikwa kwenye ile karatasi iliyokunjwa, nakala nayo inaandika kilekile, kwa sababu msimbo, yaani maagizo yake, ni uleule na swali ni lilelile. Ukitaka kumfanya Mkaguzi asinakilike, umekubali kwamba si programu, na uthibitisho wa Turing haugusi vitu visivyo programu.

Jioni nikampelekea. Akafikiri muda mrefu, akajaribu njia nyingine: Mkaguzi amdanganye Mkaidi, ila akiulizwa na mimi aseme ukweli. Nikamuuliza, atatujuaje? Kama kuna alama fulani inayomtambulisha kuwa anaulizwa na mimi, Mkaidi ataivaa alama hiyo. Kama anabadilisha jibu kwa swali lilelile, basi humo ndani mna wakaguzi wawili, na Mkaidi atanakili yule msema kweli.

Mwalimu akaagiza kahawa nyingine. Hakusema nimeshinda.

Wiki ya 2, Jumamosi: toleo la 1

Nimeandika Mkaguzi wa kwanza, wa kijinga kabisa: iwashe programu, subiri sekunde 5, ikiisha sema "inakoma", isipoisha iue na useme "haikomi". Kwa kazi nyingi za wanafunzi inatosha. Nilitaka kuona Mkaidi atafanya nini hasa kwenye mashine, siyo kwenye risiti.

Mara ya kwanza laptopu iliganda mpaka nikaizima kwa kubonyeza swichi. Kosa langu. Mkaguzi anamwasha Mkaidi, Mkaidi anawasha Mkaguzi wake, huyo anamwasha Mkaidi wake, na kadhalika. Sekunde 5 zikifika, Mkaguzi wa juu anamuua mtoto, lakini wajukuu wanabaki hai wakiendelea kuzaana. Nimerekebisha: akiua, aue ukoo mzima.

Mara ya pili ilikwenda safi. Mkaguzi akaupima msimbo wa Mkaidi, akajibu "haikomi". Kisha nikamwasha Mkaidi peke yake. Kimya kwa sekunde 5 na kidogo, halafu skrini ikaandika: nimekoma.

Hapa nataka kuandika kwa kirefu kidogo, maana kwangu ndiyo kiini cha mradi wote. Sikuona kitendawili chochote. Mkaidi huyu ni programu halali, ya mistari minne, inaishi kwenye diski, ina kitu kimoja tu inachofanya: inasubiri sekunde 5 na inakoma. Hakuna chenye kujipinga ndani yake. Kilichotokea ni kwamba Mkaguzi amekosea kuhusu programu moja ya kawaida sana. Kile kinachomkera Mwalimu, mtoto wa mama asiyezaliwa, kinatokea pale tu unapomtaja Mkaguzi asiyekosea. Mkaguzi wa kweli ukimshika mkononi, mtoto wake naye ni wa kweli, na ukinzani umetoweka: limebaki kosa la kawaida. Uthibitisho unaweza kusomwa hivyo moja kwa moja, bila "tuseme yupo". Niletee mkaguzi yeyote, nitakurudishia programu inayomshinda, na nitaijenga mbele yako.

Nilipomsomea Mwalimu aya hii akasema, "Hapo sasa unaongea." Kisha: "Lakini sekunde 5 ni uvivu. Ongeza."

Kuhusu kuongeza. Mwanahisabati Tibor Radó aliuliza mwaka 1962: ukichukua mashine za Turing, yaani kompyuta za kufikirika zinazosoma na kuandika alama kwenye utepe usio na mwisho, zenye hali chache tu za ndani, alama mbili, utepe mtupu, ni ipi inayochukua hatua nyingi zaidi kabla ya kukoma? Kwa hali 3 jibu ni hatua 21. Kwa hali 4 ni 107. Kwa hali 5 ni 47,176,870, na uthibitisho wake ulikamilika mwaka 2024 tu. Kwa hali 6 hakuna ajuaye. Kama ungekuwepo mkokotoo wa kukupa kikomo cha kusubiri kwa kila ukubwa wa mashine, Mkaguzi angekuwa amepatikana: ngoja mpaka hapo, ikipita haikomi. Mkokotoo huo haupo. Mwalimu alizipenda hizi namba kuliko kitu kingine chochote nilichomwonyesha. Alizinakili kwenye daftari lake.

Wiki ya 3, Jumatano: toleo la 2

Nimeacha saa. Nimetunga lugha ndogo ya maagizo tisa, na Mkaguzi sasa anaigiza programu hatua kwa hatua, akiandika hali ya kila hatua, yaani yote yaliyomo kwenye memori na agizo lililofikiwa. Hali ikijirudia ileile, basi inazunguka: "haikomi". Inakamata mizunguko ya kizembe yote ya wanafunzi, ile ya kusahau kuongeza kihesabio.

Nikampa Mkaidi wa toleo hili. Mkaguzi akaanza kumwigiza Mkaidi, ambaye hatua yake ya kwanza ni kumwita Mkaguzi, ambaye anaanza kumwigiza Mkaidi. Hali haijirudii kamwe, kwa sababu kila ngazi inaongeza daftari jipya ndani ya daftari. Nikakaa. Nikanywa chai. Memori ikawa inapanda polepole. Umeme ulipokatika saa tatu usiku hakuwa amejibu.

Hili ni anguko la aina ya pili. Toleo la 1 lilisema uongo. Hili halisemi kitu. Na Mkaidi wake kweli hakomi, kwa sababu anangoja jibu lisilokuja. Jibu sahihi ni "haikomi", mimi nalijua, Mkaguzi ndiye hawezi kulitamka.

Kurudi kwenye makala ya Turing kumenishtua. Nilikuwa nimeandika kwenye maelezo ya darasa kwamba alithibitisha tatizo la kukoma. Kwenye makala ile haliitwi hivyo. Jina lilikuja baadaye. Mashine zake njema ni zile zisizokoma, zinazoandika tarakimu bila mwisho. Mbovu ni zinazokwama. Na uthibitisho wake ni huu wa toleo langu la 2: mashine yake inapitia orodha ya mashine zote kwa namba, ikifika kwenye namba yake yenyewe inaamriwa kufanya kile inachokifanya sasa hivi, na hapo haitoki. Kabla ya hapo anataja njia fupi ya ulalo, ya ukinzani kama ile ya risiti yangu, anasema ni sahihi kabisa, ila inaweza kumwacha msomaji na hisia kwamba kuna kitu hakiko sawa, ndiyo maana anatoa hii nyingine. Alikuwa na miaka 23 alipoipeleka kuchapwa, na kashamwona Mwalimu wangu anakuja.

Wiki ya 4, Jumamosi: toleo la 3, na ubishi wa kwenye kivuko

Toleo la 3 ni la 2 likiongezewa sheria moja: ukiona unayemwigiza anakuita wewe kumkagua yeye mwenyewe, usizame, kata na useme "haikomi".

Matokeo ni yale mnayoyajua. Anasema "haikomi". Mkaidi akiwashwa peke yake anapokea "haikomi", anakoma.

Mwalimu alikuwa na msiba upande wa Sengerema, nikamsindikiza. Tulipanda kivuko cha Kamanga, tukakaa upande wa kivuli, nikamfungulia laptopu. Kabla hatujaliacha Jiwe la Bismarck nyuma yetu alikuwa amesimama.

"Mkaguzi yuko sahihi! Yule aliyemwigiza hangekoma. Asingemkata, wangezama mpaka kiama. Amesema alichokiona."

"Mwalimu, aliyewashwa peke yake amekoma. Umemwona."

"Huyo ni mwingine. Huyo alikoma kwa sababu Mkaguzi alishamkata wa ndani."

Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akauliza tunagombania urithi wa nani.

Nilikuwa na hisia kwamba Mwalimu amekosea na sikuweza kuonyesha wapi. Kisha nikafanya kitu rahisi: nikaiondoa ile sheria ya kukata kwa Mkaguzi wa nje tu, aliye ndani ya Mkaidi nikamwacha kama alivyo, nikamwambia wa nje aigize tu bila kuingilia. Hatua zikahesabika kwenye skrini. Mkaidi akamwita Mkaguzi wake wa ndani, wa ndani akaanza kuigiza, akaona anaitwa, akakata, akasema "haikomi", Mkaidi akakoma. Hatua hazikufika mia tatu.

"Mwalimu, angalia. Asingemkata, angekoma mwenyewe, kwa sababu ndani yake mna mkataji wake. Mkaguzi aliogopa kuzama kusikokuwepo. Wa kuzama mpaka kiama ni Mkaidi wa toleo la 2. Toleo la 3 limemhukumu ndugu yake."

Aliinama kwenye skrini akafuata hatua moja moja kwa kidole, midomo ikitembea, kama anavyosahihisha madaftari. Upepo ulikuwa unamfunga kanzu miguuni. Alipomaliza alifunga laptopu yeye mwenyewe. "Swali ni la programu ikiwashwa," akasema, "siyo la alichokiona mkaguzi." Nikasema ndiyo. "Ungesema hivyo tangu mwanzo." Nilisema hivyo tangu mwanzo, lakini kuna watu huwezi kuwaambia.

Tukishuka nikamsimulia habari ya Christopher Strachey, Mwingereza, aliyeandika barua kwenye jarida la The Computer Journal mwaka 1965 kuhusu programu isiyowezekana. Ni ileile risiti yangu, kwa lugha ya enzi zake. Alieleza kwamba Turing mwenyewe aliwahi kumpa uthibitisho kwa mdomo mwaka 1953, ndani ya behewa la treni wakienda mkutanoni, na akausahau palepale. Mwalimu akasema vyombo vya usafiri si mahali pa hesabu, na kwamba alikuwa na njaa.

Wiki ya 5, Jumanne

Fupi. Mwalimu ameleta hoja ya mwisho: laptopu yangu haina utepe usio na mwisho. Memori yake inahesabika, hali zake zinahesabika, basi ikipita hatua nyingi kuliko idadi ya hali bila kukoma, lazima hali imejirudia. Mkaguzi wa mashine yenye mwisho yupo.

Yuko sahihi kabisa. Uthibitisho haugusi mashine zenye mwisho. Nikamfanyia hesabu: mashine yenye kilobaiti 1 tu ya memori ina biti 8,192, kila moja 0 au 1, kwa hiyo hali zake ni 2 kwa kipeo cha 8,192, namba yenye tarakimu 2,467. Kusubiri hali hizo zote hakuna atakayeweza, na mkaguzi mwenye kutunza hesabu hiyo lazima awe mkubwa kuliko anayemkagua, ndiyo maana Mkaidi wake hawezi kumbeba na kuenea kwenye mashine ileile. Lakini yupo, na nimeandika kwenye maelezo ya darasa kwamba yupo. Sitaki wanafunzi wafikiri Turing alikataza kila kitu.

Wiki ya 5, Ijumaa: toleo la 4

Linafanya kazi darasani. Majibu ni matatu: "inakoma", "haikomi", "sijui". Mawili ya kwanza halikosei, kwa sababu haliyatoi mpaka liwe limeona mwisho au limeona hali ikijirudia. Hatua zikipita milioni moja, au likiona linaitwa kujikagua, ni "sijui", na programu inapangiwa dakika 10 za kompyuta, zaidi ya hapo inauliwa na ukoo wake. Kazi ya yule kijana wa Goldbach imepata "sijui". Amenuna kidogo, anaona ni kama hajasahihishiwa.

Mwalimu alikuja kuliona, mara ya kwanza anakanyaga darasani kwetu. Alikuwa ameandika Mkaidi wake kwa penseli, akamwamuru binti wa mbele aingize. Mstari wa mwisho aliubadilisha: jibu lolote lisilo "inakoma", koma. Mkaguzi akajibu "sijui". Mkaidi akiwashwa, akakoma.

"Hajakosea," nikasema.

"Hajakosea. Lakini mimi nilijua atakoma. Wewe ulijua. Binti huyu alijua kabla hajabonyeza. Yeye tu ndiye hajui?"

Binti akasema, basi tumwongezee sheria: akiona ni Mkaidi wa Mwalimu, aseme "inakoma". Akaanza kuiandika, akafika katikati, akaondoa mikono kwenye kibodi. "Nikiandika hivyo, Mkaidi atapata 'inakoma'."

"Halafu?" Mwalimu akamuuliza. Alikuwa ameshavuta kiti.

Kilichobaki: kuweka "sijui" kwa rangi isiyo nyekundu, wasidhani ni kosa. Kurudisha kiti cha ofisi ya jirani alichokaa Mwalimu. Kupunguza dakika 10 ziwe 5 siku za foleni. Kumtafutia Mwalimu nafasi Alhamisi jioni. Anasema ana suala dogo kuhusu ile namba 107, na anataka kuihesabu mwenyewe kwa mkono mbele ya wanafunzi, hatua kwa hatua, kwenye ubao.